Neno "Ma" na Kiapo cha Arap Sigei

Vijana wanaosomea ukalimani hunijia hapa nyumbani, juu ya Roret, na swali lao la kwanza huwa ni lile lile: neno gani lilikuwa gumu kuliko yote? Hutarajia niwatajie istilahi za sheria au majina ya magonjwa. Mimi huwajibu kwamba maneno marefu hayakuwahi kunisumbua. Neno refu hujitangaza; ukilikosa, unajua umelikosa, na kila aliye chumbani anaona uso wako. Neno fupi hupita kama mtu wa nyumbani, wala hakuna anayelisimamisha mlangoni.

Chukueni hili lenye herufi mbili: ma. Katika Kipsigis, lugha niliyolelewa nayo, ma ni moto. Na sauti hiyo hiyo ikitangulia kitenzi huwa ni kukanusha. Kwa Mkikuyu, ma ni ukweli. Kwa Mjaluo, ma ni hiki, au ambacho, kutegemea linavyokaa katika sentensi. Wanaochunguza lugha husema kwamba Kipsigis na Kijaluo zina ujamaa wa mbali sana, lakini si katika neno hili; na Kikuyu haina undugu nazo hata kidogo. Hakuna babu mmoja aliyewagawia wajukuu wake neno ma. Ni midomo ya binadamu tu inayofumba na kufumbua, na kila taifa likaipa sauti hiyo kazi lililokuwa nayo.

Ukiishi na watu wa lugha yako tu, mambo hayo ni ya kufurahisha. Katika mashamba ya chai ya Kericho, miaka ya hamsini, mataifa hayo yote yalikaa katika laini moja ya nyumba za mabati, ukuta kwa ukuta, yakaamshwa na king'ora kimoja na kuchuma majani katika mstari mmoja. Hapo ndipo mkalimani alipolipwa.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, alikuja zahanati mama mmoja wa Kijaluo, Mama Atieno, ameinama huku ameshika goti. Akasema: "Ma e ma rama." Maana yake, kama nilivyokuja kujua baadaye, ni "hiki ndicho kinachoniuma." Mimi nilisikia moto mara mbili katika sentensi moja, nikamwambia dresa, mhudumu wa zahanati, kwamba mama ameungua vibaya. Dresa akaja na mafuta ya kuungua, akaanza kuupekua mguu kutoka kisigino kwenda juu.

"Wewe natafuta nini kwa mguu yangu?" mama akauliza.

"Pahali moto ilichoma."

"Moto gani? Nani alichoma mimi? Ni wewe?"

"Huyu kijana ya kutafsiri ndiye amesema."

Mama Atieno akanitazama, akacheka mpaka akalazimika kuketi kwenye benchi, na goti lenyewe akalisahau. Waliokuwa wakingoja dawa wakacheka pia. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nikipita kwenye laini ya Wajaluo, wanawake walikuwa wakivuta masufuria yao kando na kuniambia: "Pita pole pole, Bwana Moto, usichome sisi."

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni yule aliyekuwa akinifundisha kazi. "Leo ni goti," alisema tulipotoka. "Siku moja itakuwa shingo ya mtu."

Kilikuwako pia kisa ambacho wafanyakazi wa kiwandani walipenda kukisimulia, cha Mkipsigis aliyeona chumba cha kukaushia chai kikiwaka akapiga kelele "Ma! Ma!", na karani wa Kikuyu akamjibu kutoka dirishani, bila kuinua kichwa, "Ndiyo, ni kweli kabisa." Mimi sikukishuhudia kisa hicho na sikiamini. Mkipsigis anayeuona moto mbele ya macho yake hasemi ma. Husema maat, moto ule. Aliyekitunga hakuwa Mkipsigis. Nawaeleza haya ili mjue kwamba hata mzaha una sarufi yake, na mkalimani anapaswa kuisikia hata anapocheka.

Mwalimu wangu aliitwa Gacheru. Alikuwa Mkikuyu, lakini alizaliwa Kericho mjini, mtoto wa mtu aliyefungua duka la nafaka, na nchi ya baba yake aliijua kwa masimulizi tu. Alikuwa mfupi, mwenye koti la kahawia alilolivaa hata jua likiwaka, na ugoro aliuvuta kwa siri kama mtu anayeiba. Alizungumza Kikuyu, Kipsigis, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na alikuwa mkalimani wa ofisi ya shamba tangu kabla mimi sijaanza shule kule Kabianga.

Hakunipa kitabu. Alinitembeza. Tulipita kati ya wachumaji, vikapu mgongoni mwao, umande ukitulowesha mpaka mapajani, naye husimama ghafla.

"Koske, yule mama amesema nini?"

"Amesema ma."

"Sikukuuliza ametamka neno gani. Nimekuuliza amesema nini."

Basi ikanibidi nirudi, nisimame, nitazame mkono wa yule mama umeelekea wapi, nani alikuwa akimjibu, na jibu lenyewe limekuja kwa sauti gani. Hiyo ndiyo elimu yenyewe, na sijaona bora kuliko hiyo. Msimamie mtu nyuma kidogo ya bega lake, msikie anavyovuta pumzi, kwa maana pumzi hutangulia maana. Usifasiri mpaka mkono wake utue. Neno fupi usilitoe peke yake kamwe, lingoje mwenziwe. Usitikise kichwa, kwani msemaji atadhani umekubaliana naye na mwenye kusikiliza atadhani umemwamini. Usinywe mursik, maziwa yetu ya kuganda, asubuhi ya kazi, koo litakuwa zito. Na usipojua, sema hujui. Gacheru alilitamka neno "sijui" katika lugha zote tano bila aibu, na ndiyo sababu alipokuwa akijua watu walimwamini.

Sasa nieleze ndoa yake, kwa maana yaliyofuata yalitoka humo.

Gacheru alimwoa Taprandich, Mkipsigis wa huku Roret. Kwetu mtu haendi kuposa peke yake. Lazima awe na mzee wa kuketi mahali pa baba. Aliyekubali kuketi hapo ni arap Sigei, mfugaji jirani, mtu wa ukoo tofauti na ule wa bibi arusi, kwa sababu kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake. Arap Sigei aliahidi mbele ya wakwe kwamba ukoo wake utampokea Gacheru kwa desturi kamili: wazee watakutana, pombe ya asali itanywewa, mgeni atapakwa mafuta kichwani, na tangu siku hiyo hataulizwa tena alikotoka. Wakipsigis wamewapokea watu wengi kwa njia hiyo, nao wajukuu wao leo ni Wakipsigis kama mimi.

Mwaka ule ukoo ukafiwa, sherehe ikaahirishwa. Mwaka uliofuata karantini ya ng'ombe ikafunga njia. Baada ya hapo hakuna aliyeahirisha tena. Watu walisahau tu. Walikuwa wamekwisha kumwita arap Kacheru, kwa lile arap tunalowapa wanaume wetu, na kwa ile g yetu ambayo mara nyingi hutoka ikiwa k, na walimwalika kwenye mashauri yao, wakamtania kama shemeji na kumkaripia kama ndugu. Mtu akishaketi nanyi hivyo, nani atakumbuka kwamba mafuta hayajamgusa kichwa?

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau, na amri kwamba Wakikuyu wa mashamba yetu wahojiwe na kuondolewa, wapelekwe rizavu kwao. Kwa baadhi yao "kwao" palikuwa mahali ambapo hawajawahi kulala.

Mahojiano yalifanyika katika banda la kupimia majani. Meza iliwekwa mbele ya mizani, na afisa, kijana wa Kizungu aliyeletwa kutoka wilaya nyingine, akaketi nyuma yake. Lori lilikuwa limesimama nje tayari, matandiko ya waliokwisha kuhojiwa yakirundikwa juu. Mvua ya mawe iliyopiga adhuhuri ilikuwa imeyatoboa majani ya chai, na harufu yake ilijaa mle ndani, mbichi na chungu. Mimi ndiye niliyefasiri, kwa sababu afisa hakutaka mkalimani wa kabila linalohojiwa.

Zamu ya Gacheru ikafika. Alijua Kiingereza kuliko mimi, na bado mimi ndiye niliyesimama nyuma ya bega lake. Shauri lake lilikuwa jepesi kulieleza. Akiandikwa Mkikuyu, angepanda lori mchana ule ule. Akiandikwa mtu wa ukoo wa Kipsigis, angerudi kwa Taprandich, aliyekuwa ameketi nje chini ya upenu, mtoto wao amelala mapajani mwake.

Arap Sigei hakuitwa na mtu. Aliinuka mwenyewe kutoka ukutani, akaja mbele.

"Huyu ni wetu," alisema kwa Kipsigis. "Mimi ndiye niliyeketi mahali pa baba yake."

Nikafasiri. Afisa alimtazama mzee kwa muda, na naamini alikuwa akitafuta njia. Hakuwa mtu katili. Naandika haya kwa kuwa ndiyo haki. Akasema kwamba kama mzee ataapa kwa desturi ya watu wake kuwa mtu huyu ni wa ukoo wao, yeye ataandika hivyo na jambo litakwisha. Kwake kiapo kilikuwa kitu kidogo, maneno ya kusema mkono ukiwa juu, kisha mnaendelea na kazi.

Nikalifasiri hilo pia. Arap Sigei akailaza fimbo yake sakafuni, juu ya saruji, kati yake na meza.

Ninyi wa leo huenda hamjui maana yake. Mwenye kuapa huivuka fimbo ile huku akitamka jambo lake. Akisema uongo, kiapo hakimgusi yeye. Yeye ataishi, atazeeka, atakula vizuri. Kiapo hushuka kwa watoto na wajukuu wake, na huanza na aliye mdogo kuliko wote. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mle bandani hakuna Mkipsigis aliyekuwa na shaka.

Gacheru akasema, kwa Kipsigis, sauti chini: "Boiyot, okota fimbo yako." Boiyot ndivyo tunavyomwita mzee tunayemheshimu.

"Nyamaza wewe. Tangu lini anayeposewa akaongea?"

"Mke wa mwanao amejifungua?"

"Amejifungua."

"Nini?"

"Mvulana. Niache."

"Basi okota fimbo. Mimi sikupakwa mafuta. Wewe unajua, na mimi najua."

"Ningekupaka. Ni karantini ile."

"Ungenipaka, ndiyo. Hukunipaka."

"Mimi nimeishi vya kutosha," arap Sigei akasema.

"Hakiji kwako, Boiyot. Kitakwenda kwa yule wa jana."

Afisa akaniangalia. "Wanasemaje?"

Wakipsigis waliokuwa ukutani walinitazama wote, na nilisoma katika nyuso zao kile walichotaka: nigeuze tu, niseme mzee anasita kwa sababu ya uzee, niseme wanasalimiana. Nani angejua? Mtu mmoja tu mle ndani angejua, naye ndiye aliyegeuza kichwa akanitazama, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Koske, fasiri. Yote."

Nikafasiri yote, kwa nafsi ya kwanza, kama inavyotakiwa na kazi. Nikasema, "Mimi sikupakwa mafuta." Nikasema, "Mimi nimeishi vya kutosha." Nikasema na lile la mtoto. Sikuongeza, sikupunguza.

Afisa akaiweka kalamu chini. Akamuuliza Gacheru moja kwa moja kama ni kweli kwamba hajawahi kupokewa katika ukoo. Gacheru angeweza kumjibu kwa Kiingereza. Akajibu kwa lugha ya baba yake, kwa neno lile fupi: "Nĩ ma." Nami nikasema kwa Kiingereza kwamba ni kweli.

Vijana wanaosikia kisa hiki hupenda nikiri kwamba kulikuwa na kosa mahali fulani, kwamba neno moja lilikwenda upande usio wake. Wangefarijika. Lakini siku ile hakuna neno lililokosewa. Kikuyu ilifasiriwa sawasawa, Kipsigis ilifasiriwa sawasawa, afisa alielewa kila kitu alichoambiwa. Kwa miaka yote Gacheru alinifundisha kuogopa neno dogo lisije likamuumiza mtu kwa kutoeleweka. Hakunifundisha, na sidhani kulikuwa na wa kunifundisha, nifanye nini watu wote wakielewana kabisa na lori likawa bado linangoja.

Nje, Taprandich alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakulia. Alisimama mbele ya mumewe njiani, mtoto begani.

"Lugha zote hizo unazozijua," alimwambia, "na hukujua kunyamaza hata kwa moja."

"Mama, angekufa mtoto wa watu."

"Na huyu ni wa nani?"

Gacheru alimshika mtoto mguu mdogo uliokuwa ukining'inia, akaushika kwa muda, kisha askari akamgusa kiwiko. Alipanda kwa shida, kwa ule ufupi wake. Mkikuyu mmoja aliyekuwa juu akamvuta kwa kola ya koti. Lori likaondoka kwa barabara ya Kericho, likiteleza kwenye matope mekundu, na sisi tulioajiriwa tukarudishwa kazini, kwa sababu majani yaliyochumwa hayangojei.

Hatukumwona tena. Habari zilizotufikia zilikuwa za watu waliosikia kwa watu: kwamba yuko kambini, kwamba ametolewa, kwamba anaugua kifua. Hadi leo sijui amezikwa wapi, na Taprandich alikufa bila kujua.

Mimi nilipewa kazi yake. Nimeketi mahali pale miaka mingi, nimefasiri kesi za mipaka, za ng'ombe, za wake waliopigwa, na mara nyingi mtu alipotamka neno fupi niligeuka nyuma kutazama kama nimelisikia vema. Hakuwako wa kuniambia.

Lakini mwaka ule ule wa lori, baada ya mavuno ya mahindi, arap Sigei akaja ofisini, amevaa blanketi safi. Alisimama mlangoni mpaka nikamkaribisha.

"Tumelifanya," alisema.

"Mmefanya nini, Boiyot?"

Akanieleza. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi kulijadili kwa muda mrefu. Wengine walisema mtu asiyekuwapo hawezi kupakwa mafuta, na hilo ni kweli. Lakini mtoto yupo. Basi wakampaka mafuta mtoto wa Gacheru, pombe ikanywewa, wakampa jina la ukoo. Na wote wakakubaliana kwamba mtoto akiwa wa ukoo, baba aliyemzaa hawezi kuwa mgeni. Mtu mmoja tu alikataa, naye mwishoni akanywa.

"Sasa naweza kuapa," alisema arap Sigei. "Si uongo tena. Mwite Mzungu."

Nikamweleza kwamba yule afisa alihamishwa, kwamba mahojiano yalifungwa, kwamba hata angekuwapo hakuna tena shauri lolote mezani. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua na kungoja ifasiriwe. Kisha akatazama meza, na kiti kitupu kilichokuwa nyuma yake.

"Alikuwa akiketi pale?"

"Kule bandani. Lakini ndiyo, kiti ni hicho hicho."

Akailaza fimbo sakafuni. Nikainuka, nikaja nikasimama nyuma ya bega lake, kwa maana sikujua jambo jingine la kufanya. Akaivuka fimbo polepole, kwa magoti yake mabovu, akasema kwamba yule mtu ni wao, kwamba yeye ndiye aliyeketi mahali pa baba yake, na kama anadanganya basi nyumba yake iishe. Mkono wake ulipotua nikafasiri kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida ya kazi, nikielekea kile kiti.

Arap Sigei akangoja.

"Amesemaje?" akaniuliza.

"Hajajibu, Boiyot."

Aliiokota fimbo, akaketi kwenye benchi la wageni, akajifunika blanketi vizuri magotini.

"Basi tungoje kidogo," akasema.